Kalisi katika tangi la maji ya bahari: Pima kwanza, ongeza kidogo kidogo

MKAZI wa Mbezi Beach jijini Dar es Salaam akisimama ufukweni siku ya hali ya hewa nzuri hukiona kisiwa cha Mbudya mbele yake. Nyuma yake, upande wa Tegeta, kipo Kilima cha Wazo ambacho mawe yake ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya kutengenezea saruji. Matumbawe yanayokua chini ya maji kuzunguka kisiwa hicho hujijenga kwa madini yaleyale yaliyomo ndani ya mawe ya kilima hicho, yaani kabonati ya kalisi, ambayo kwa lugha ya kawaida ndiyo chokaa.

Jambo hilo ndilo linalowatatiza watu wengi wanaofuga samaki na matumbawe ya baharini katika matangi ya kioo majumbani, hotelini na maofisini. Baharini, tumbawe huchota kalisi katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya tangi la lita 200, kalisi hiyo hupungua kila siku na haina njia ya kurudi isipokuwa kwa mkono wa mwenye tangi.

Mkono huo ndio unaookoa na ndio unaoua. Upungufu wa kalisi huyadhoofisha matumbawe taratibu, kwa majuma na miezi, lakini dozi iliyozidi inaweza kuyaua kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya ufugaji huu ni kutoongeza kitu kisichopimwa, na ya pili ni kwamba kilichopungua kwa siku nyingi hakirudishwi kwa siku moja.

Vitu vitatu vinavyokwenda pamoja

Mifupa ya tumbawe hujengwa kwa kalisi na kabonati. Nguvu ya maji ya kubeba kabonati hiyo, na ya kuzuia maji yasigeuke kuwa na asidi, huitwa ualkali, na hupimwa kwa digrii. Kitu cha tatu ni magnesiamu, ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia kalisi na kabonati visishikane ndani ya maji na kuanguka chini kama vumbi jeupe kabla tumbawe halijavitumia.

Maji ya kawaida ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, huwa na kalisi ipatayo miligramu 410 kwa lita, magnesiamu ipatayo miligramu 1,300 kwa lita, na ualkali wa karibu digrii 7. Kiwango chake cha pH huwa kati ya 8.0 na 8.3.

Katika tangi la matumbawe, wafugaji wazoefu huridhika kalisi ikiwa kati ya miligramu 400 na 450, ualkali kati ya digrii 7 na 10, na magnesiamu kati ya miligramu 1,250 na 1,400. Kilicho muhimu zaidi ni kutotikisika. Tangi lenye ualkali wa digrii 7.5 kila siku ni salama kuliko lile ambalo Jumatatu lina digrii 7 na Alhamisi lina digrii 10.

Kalisi na ualkali hutumiwa kwa uwiano usiobadilika. Kwa kila digrii 2.8 za ualkali ambazo matumbawe yametumia kujenga mifupa, kalisi inayopungua ni miligramu 20 tu kwa lita. Maana yake ni kwamba ualkali huonyesha mabadiliko mapema sana, wakati kalisi huonekana kana kwamba haijaguswa. Mfugaji anayepima kalisi peke yake anaweza kuchelewa kujua kuwa tangi lake limeishiwa ualkali.

Chumvi kwanza, dawa baadaye

Matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ni upungufu wa kalisi ni matatizo ya chumvi. Maji yenye gramu 30 za chumvi kwa lita badala ya 35 yatakuwa na kalisi ya miligramu 350 hivi hata kama hakuna tumbawe hata moja ndani yake. Kuyaongezea kalisi maji ya namna hiyo ni kutibu ugonjwa usiokuwapo. Kinachotakiwa ni kurekebisha chumvi taratibu, kisha kupima upya.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wanaochota maji ya tangi baharini. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, mito midogo ya eneo hilo kama Mbezi na Tegeta huingiza baharini maji ya mvua pamoja na matope na taka za mjini. Maji ya ufukweni katika siku hizo huwa na chumvi pungufu na uchafu mwingi.

Anayechota baharini hushauriwa kufanya hivyo wakati maji yamejaa, siku kadhaa baada ya mvua kukoma, na mbali na midomo ya mito. Maji hayo yachujwe, yapimwe chumvi, na yaachwe yakizungushwa na pampu kabla ya kuingizwa tangini.

Chumvi ya mezani haifai kabisa kutengenezea maji ya tangi. Chumvi hiyo karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na nchini Tanzania huongezwa madini joto kwa ajili ya afya ya binadamu. Haina kalisi wala magnesiamu kwa viwango vya bahari. Wanaotengeneza maji nyumbani hutumia chumvi maalumu ya matangi ya bahari, iliyochanganywa na madini yote yanayohitajika.

Joto la Dar es Salaam nalo hugeuza maji kuwa mvuke. Maji yanapopungua kwa njia hiyo, chumvi haiondoki, bali hubaki na kukolea. Kwa hiyo kinachorudishwa kila siku ni maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya visima katika maeneo ya pwani mara nyingi huwa na chumvi na chokaa ndani yake, na maji ya bomba huwekwa klorini. Yanayofaa zaidi ni yale yaliyosafishwa kwa mtambo wenye utando, kama ule unaotumiwa na viwanda vya maji ya chupa.

Kujua ujazo halisi wa tangi

Dozi yoyote huhesabiwa kwa lita za maji yaliyomo, si kwa ukubwa wa kioo. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50 lina ujazo wa lita 250. Lakini likijazwa hadi kimo cha sentimita 45 huwa na lita 225, na mawe pamoja na mchanga vikichukua nafasi ya lita 25, maji halisi ni lita 200.

Tofauti hiyo ni sehemu moja katika tano. Mfugaji anayehesabu dozi kwa lita 250 atakuwa anazidisha kila siku bila kujua. Njia rahisi ya kuepuka kosa hilo ni kuhesabu ndoo wakati tangi linapojazwa kwa mara ya kwanza, likiwa tayari na mawe na mchanga wake, na kuandika jumla hiyo mahali pasipopotea.

Kupima matumizi ya siku

Hakuna dozi moja inayofaa matangi yote. Tangi lenye samaki tu na mawe machache linaweza lisihitaji kuongezewa chochote zaidi ya kubadilishiwa maji. Tangi lililojaa matumbawe magumu yanayokua haraka linaweza kuhitaji kuongezewa kila siku. Kipimo cha mahitaji ni tangi lenyewe.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kwa siku tatu mfululizo mwenye tangi haongezi kitu wala habadilishi maji. Anapima ualkali siku ya kwanza na kuupima tena siku ya nne, saa ileile. Tuseme siku ya kwanza alipata digrii 8.4 na siku ya nne digrii 7.2. Upungufu ni digrii 1.2 kwa siku tatu, yaani digrii 0.4 kwa siku.

Kwa uwiano uliotajwa, matumizi hayo ya digrii 0.4 yanakwenda na kalisi isiyofika miligramu 3 kwa lita kwa siku. Kwa siku zote tatu, kalisi itakuwa imepungua kwa miligramu 9 hivi, kiasi ambacho vipimo vingi vya matone vinavyouzwa kwa wafugaji haviwezi kukitambua kwa uhakika. Ndiyo maana ualkali hupimwa mara nyingi zaidi, na kalisi pamoja na magnesiamu hupimwa kwa nafasi.

Katika majuma mawili ya kwanza ya kuongeza madini, ualkali hupimwa kila siku. Baadaye, hali ikitulia, mara moja au mbili kwa juma hutosha. Matokeo yote huandikwa katika daftari pamoja na tarehe, saa na dozi iliyotolewa. Vipimo vilivyopitwa na muda wake wa matumizi vitupwe, kwa kuwa kipimo kibovu ni hatari kuliko kukosa kipimo.

Njia zinazotumika kuongeza

Njia ya kwanza, na iliyo salama kuliko zote, ni kubadilisha maji. Kutoa asilimia 10 ya maji kila juma na kuweka mapya yenye chumvi na joto lilelile hurudisha kalisi, ualkali, magnesiamu na madini madogo kwa pamoja. Kwa tangi changa au lenye matumbawe machache, njia hiyo pekee huweza kutosha.

Njia ya pili ni maji ya chokaa. Njia hii ilienezwa na mfugaji wa Kijerumani, Peter Wilkens, katika miaka ya 1970, na bado inatumika duniani kote. Unga safi wa hidroksidi ya kalisi, gramu 1.5 hivi kwa lita, huyeyushwa katika maji yaliyosafishwa, chombo hufunikwa, na unga uliobaki huachwa utulie chini. Maji maangavu ya juu ndiyo hutumika, na tope jeupe la chini haliingizwi tangini.

Uzuri wa maji ya chokaa ni kwamba huongeza kalisi na ualkali kwa uwiano uleule unaotumiwa na matumbawe. Ubaya wake ni ukali: pH yake hufika 12. Kwa tangi la lita 200, lita 2 za maji ya chokaa yaliyoshiba huongeza kalisi kwa miligramu 8 hivi kwa lita na ualkali kwa digrii 1.1. Tangi la mfano hapo juu, linalotumia digrii 0.4 kwa siku, lingehitaji mililita 700 tu.

Maji hayo hudondoshwa tone kwa tone, mahali penye mkondo mkali, na hasa usiku ambapo pH ya tangi hushuka yenyewe. Hutumika mahali pa maji baridi yanayofidia mvuke, kwa hiyo kiasi chake hakipaswi kuzidi maji yaliyopotea siku hiyo. Kumimina lita nzima kwa mkupuo mmoja ni kosa linaloweza kuangamiza tangi zima.

Njia ya tatu ni ya vyombo viwili. Kimoja huwa na kloridi ya kalisi iliyoyeyushwa na kingine huwa na kabonati au bikabonati ya sodiamu. Mwanakemia wa Marekani, Randy Holmes-Farley, alieleza katika miaka ya 2000 jinsi ya kuandaa michanganyiko hiyo nyumbani kwa gharama ndogo, na tangu hapo wafugaji wengi wameifuata.

Kwa lita 200 za maji, gramu 6 za bikabonati ya sodiamu huongeza ualkali kwa digrii 1. Gramu 14.7 za kloridi ya kalisi yenye maji ndani ya chembe zake huongeza kalisi kwa miligramu 20 kwa lita. Lakini kloridi ya kalisi iliyokaushwa kabisa ina nguvu zaidi, na kazi hiyohiyo hufanywa na gramu 11 hivi. Asiyejua ameuziwa ipi hawezi kujua dozi yake, hivyo maandishi ya kifungashio yasomwe kabla ya kupima.

Kwa matumizi ya digrii 0.4 kwa siku, tangi la mfano lingehitaji gramu 2.4 za bikabonati na gramu 2.1 za kloridi ya kalisi yenye maji. Viwango vidogo namna hiyo havipimwi kwa kijiko. Hupimwa kwa mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu, kama ile ya masonara, au hutengenezwa mchanganyiko mkubwa na kutolewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Michanganyiko hiyo miwili haikutani nje ya tangi wala haimiminwi mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ikikutana ikiwa mikali hugeuka chokaa papo hapo, maji huwa meupe kama maziwa, na kilichonunuliwa hupotea. Moja hutolewa asubuhi na nyingine jioni, au kwa kupishana nusu saa na zaidi, mahali penye mkondo. Njia hii pia huacha chumvi kidogo nyuma. Kwa tangi la mfano ni gramu 50 hivi kwa mwezi, hivyo kipimo cha chumvi kisisahaulike.

Njia ya nne ni mtambo wa kalisi, ambao hutumia gesi ya kabonidayoksaidi kuyeyusha vipande vya mifupa ya matumbawe ndani ya bomba na kurudisha madini hayo tangini. Unafaa matangi makubwa, lakini unahitaji mtungi wa gesi, vali nzuri na uangalizi wa pH. Kwa tangi dogo la nyumbani, gharama na hatari zake huzidi faida.

Kasi ya kupandisha

Kiwango kikiwa chini, haraka haifai. Ualkali usipandishwe zaidi ya digrii 1 kwa siku. Kalisi isipandishwe zaidi ya miligramu 20 kwa lita kwa siku, na magnesiamu isizidi miligramu 50. Wapo wanaokwenda haraka kuliko hapo bila madhara, lakini anayeanza hana sababu ya kujaribu bahati.

Kalisi ikisoma miligramu 360 na lengo likiwa 420, na chumvi ikiwa sahihi, kazi hiyo ni ya siku tatu. Katika tangi la lita 200 ni gramu 14.7 za kloridi ya kalisi yenye maji kila siku, kisha kupima tena. Kalisi ikikataa kupanda licha ya kuongezwa, magnesiamu ipimwe, kwani upungufu wake huifanya kalisi iendelee kuanguka chini kama chokaa.

Majina yanayofanana dukani

Hatari nyingine ipo madukani, ambako majina hufanana na vitu havifanani. Neno magadi soda hutumika jikoni kwa bikabonati safi, lakini magadi ya asili yanayookotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa ni mchanganyiko mwingine, wenye floridi na uchafu usiofaa tangini. Hamira ya unga ya kuumulia keki ina asidi na wanga ndani yake. Nayo kostiki soda ya watengeneza sabuni ni sumu kali inayounguza ngozi.

Vivyo hivyo kloridi ya kalisi isichanganywe na haipokloriti ya kalisi, ambayo ni klorini ya kutakasia maji ya kunywa na mabwawa ya kuogelea. Zote zina neno kalisi katika jina, lakini ya pili huua kila kiumbe ndani ya tangi. Chokaa ya ujenzi nayo si mbadala wa unga safi, kwa kuwa usafi wake haujulikani na hutengenezwa kwa ajili ya kuta.

Chumvi ya haluli, yaani salfeti ya magnesiamu, hutumika na wengi kuongeza magnesiamu, ikichanganywa na kloridi ya magnesiamu ili salfeti isizidi. Hiyo pia inunuliwe ikiwa safi, isiyo na manukato wala rangi za kuogea.

Virutubisho vingine

Maduka ya vifaa vya matangi huuza chupa nyingi zenye ahadi nyingi: strontiamu, madini joto, potasiamu, chuma na nyinginezo. Ni kweli vitu hivyo vimo baharini. Strontiamu ni miligramu 8 hivi kwa lita na potasiamu ni 400 hivi. Madini joto ni miligramu 0.06 tu, kiasi kidogo ambacho tone moja lililozidi huweza kukivuruga.

Kwa tangi linalobadilishiwa maji kila juma, madini hayo hurudi yenyewe. Asiye na kipimo cha madini joto asiyaongeze, na dawa ya madini joto ya kutibu vidonda isiingizwe tangini kamwe. Dawa za samaki zenye shaba nazo hazifai penye matumbawe, kamba au konokono, kwa kuwa shaba huwaua hata kwa kiwango kinachovumiliwa na samaki.

Umeme unapokatika

Wanaotumia pampu za kutolea dozi zenyewe wanapaswa kufikiria siku ya kukatika umeme. Saa ya kuwashia ya mzunguko husimama umeme unapokatika na kuendelea ulipoishia, hivyo dozi ya usiku huangukia mchana. Aina nyingine zisizo na betri hupoteza kumbukumbu. Kila umeme unaporudi, saa hizo zikaguliwe.

Dozi isitolewe wakati pampu za mzunguko zimezimika. Madini makali yasipopata mkondo hukaa mahali pamoja, huunguza viumbe vilivyo karibu na kuanguka kama chokaa. Wakati huo kinachohitajika zaidi ni hewa, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha lazima.

Mpira wa kutolea dozi usizame ndani ya maji ya tangi. Ncha yake ikae juu ya maji, na chombo cha dozi kikae chini ya usawa wa tangi, ili pampu ikisimama maji yasijivute yenyewe hadi chombo kiishe. Kinga bora kuliko zote ni kuweka chomboni dozi ya siku moja tu. Hata kifaa kikiharibika na chote kikaingia, tangi litatikisika lakini lina nafasi nzuri ya kupona.

Dozi ikizidi

Dalili za kuzidisha ni maji kugeuka meupe, matumbawe kujifunga, ncha zake kuwa nyeupe kana kwamba zimeungua, samaki kuhema kwa kasi, na ukoko mgumu kujijenga kwenye pampu. Hatua ya kwanza ni kusimamisha dozi zote. Ya pili ni kuongeza hewa na kufungua madirisha, kwani hewa safi husaidia kuituliza pH. Ya tatu ni kupima pH, ualkali na chumvi.

Baada ya hapo asilimia 10 hadi 20 ya maji hubadilishwa kwa maji yenye chumvi na joto lilelile. Kosa kubwa ni kumwaga asidi au dawa nyingine kwa lengo la kufuta ile ya kwanza, kwa kuwa viumbe vilivyokwisha kuumia hupigwa mara ya pili. Ualkali uliozidi huachwa ushuke wenyewe kwa siku kadhaa, na dozi hurejeshwa baada ya vipimo viwili vinavyokubaliana.

Usalama wa watu

Unga wa chokaa huunguza macho na mapafu, hivyo hushikwa kwa glavu na miwani, mahali pasipo na upepo. Kloridi ya kalisi hutoa joto inapoyeyuka, hivyo hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji, wala si maji kumwagwa juu yake. Kitu kikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mtu apelekwe hospitali.

Dawa hizi zisihifadhiwe katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Maji ya chokaa ni maangavu kama maji ya kawaida, na mtoto mwenye kiu hawezi kuyatofautisha. Kila chombo kiandikwe jina lake na kifungiwe mahali pa juu.

Matumbawe hayatoki Mbudya

Wapo wanaodhani kwamba tumbawe likifa tangini, lingine linapatikana kwa safari fupi ya mtumbwi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni Maeneo Tengefu ya Bahari tangu mwaka 1975, na yanalindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kuvua au kuchukua viumbe humo hakuruhusiwi. Aidha, matumbawe magumu yamo katika Nyongeza ya Pili ya mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mipaka ya nchi huhitaji kibali. Anayetaka kuweka tangi aanze kwa kuuliza mamlaka za uvuvi.

Matumbawe ya pwani hii yamekwisha kupata mapigo ya kutosha. Uvuvi wa baruti uliyavunja kwa miaka mingi, wengine waliyachimba na kuyachoma kwa ajili ya chokaa ya kujengea, na mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha kwa wingi katika pwani ya Afrika Mashariki.

Tumbawe lililokufa tangini kwa dozi ya usiku mmoja huenda lilichukua miaka kukua. Vipimo vya matone, daftari na mizani ndogo ni gharama nafuu ukilinganisha na hasara hiyo, na ndivyo vinavyopaswa kununuliwa kabla ya chupa ya kwanza ya kalisi.